Sauti Iliyoshuka

Mwalimu Jairo wa kwaya ya Msasani ya Tukuyu alijaliwa sikio, na Mungu amsamehe, alijivunia mno. Waimbaji arobaini wakipaza pamoja, aliyekosea alimnyooshea kidole hata akijificha nyuma ya nguzo. Basi mwaka ule kwaya ikijiandaa kwenda kurekodi kaseti Mbeya, kidole kilimwangukia Agness, aliyeimba sauti ya kwanza kwa miaka kumi na minane. Sauti yake ilikuwa inashuka.

"Ni uzee, mama," alimwambia mbele ya watu. "Pumzika, waachie wasichana."

Agness alisema ndaga, asante ya kwao, akakunja kitabu chake cha nyimbo, akatoka. Muda si muda wakasikia amerudi kwao Ikuti. Kaseti ikauzwa mpaka stendi ya Tukuyu, Jairo akavimba kichwa.

Miezi minne baadaye Winfrida, binti wa kaka yake, aliyekuwa akisoma ng'ambo, alikuja likizo. Jairo akamuuliza anafanya kazi gani hasa huko.

"Tunanasa chembe ndogo mno, baba mdogo, kwa vipimo vilivyopozwa kupita barafu yoyote. Viko mia nne kwenye bamba moja."

"Na nyaya mia nne?"

"Hapana, kila waya unaingiza joto. Waya ni mmoja tu. Kila kipimo kina noti yake, kama kwaya, nasi tunavisikiliza vyote kwa pamoja."

"Kikishuka noti, mnakitoa?"

Winfrida alicheka. "Tukikitoa tutabaki na nini? Kushuka ndiyo habari yenyewe. Kuna kitu kimekigusa. Tunaandika ni kipi, na saa ngapi."

Chai ilimpalia Jairo. Alikuwa amemsikia Agness akishuka wiki baada ya wiki, akajua ni yeye, akajua tangu lini. Kumuuliza tu, "Mama, una nini?" kulimshinda. Sikio la nini hilo! Aliona haya hata kumtazama mtoto usoni.

Kesho yake alidandia pikapu hadi Ikuti. Alimkuta Agness akimenya ndizi, khanga ameizungusha shingoni na jua linawaka.

"Mama, nimekuja kuuliza nilichopaswa kuuliza siku ile. Sauti yako ilipatwa na nini?"

Agness alifungua khanga. Uvimbe wa koo ulilingana na ngumi ya mtoto. Alijibu kwa kunong'ona, maana sauti haikuwepo tena.

"Wiki ile ile nilikuwa niende hospitali, mwalimu. Wewe ukasema ni uzee, na sikio lako halikosei. Nikaghairi."