Ndevu za Pamba Sokoni Dagoretti

Mimi hufundisha maigizo, na huwaambia wanafunzi wangu hujui kuigiza mzee mpaka soko likuamini. Jumamosi nikawaonyesha. Nikabandika ndevu za pamba, nikavaa koti la mjomba la vita vya Burma, nikajikokota sokoni Dagoretti huku wao wakinitazama kwa mbali.

Wa kwanza kuniamini alikuwa mama mkwe, aliyefika juzi kutoka Kakamega. Akanipa bakuli lake la uji. Kwetu mkwe hali chochote mbele ya mama mkwe, lakini ningekataa ningeharibu somo!

“Mzee wangu,” akalalamika, “binti yangu ameolewa na mtu ambaye kazi yake ni kujifanya.”

“Pole, dada,” nikajibu, nikanywa.

Niliposhusha bakuli, ndevu zilikuwa zinaelea ndani. Mama mkwe akajifunika leso usoni. Wanafunzi wakapiga makofi.