Siku Nilipowatia Chumvi Konokono wa Dokta

Mpaka leo nikipita daraja la mto Naviundu natazama upande mwingine, maana kuna watu wazima kule Kampemba ambao bado wakiniona wanaita "Mama Chumvi!", na siwezi hata kukasirika, kwa sababu jina hilo nililitafuta kwa mikono yangu miwili.

Wakati huo wazungu bado waliuita mji wetu Élisabethville, na mimi nilikuwa bibi harusi mpya, nimetoka Kilwa kando ya ziwa Mweru kuja kuolewa na Kalenga, aliyefanya kazi katika labo, yaani maabara, ya dokta mmoja Mbelgiji. Kazi yake, msicheke, ilikuwa kuchunga konokono wa mtoni. (Nyumbani niliwaambia tu kwamba mume wangu anafanya kazi na dokta. Habari ya konokono niliinyamazia.)

Basi Jumamosi moja labo ilipigwa dawa ya mende, na Kalenga akaambiwa awahamishe konokono mpaka Jumatatu, akawaleta nyumbani kwa baiskeli, chupa kubwa ya kioo imefungwa nyuma kwa kamba kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Hajakaa, akaja mtu kusema mjomba wake amefariki Likasi. Kalenga akavaa koti, na mlangoni akageuka.

"Véro, ubaangalie tu. Usibape kitu. Ni kubaangalia tu, unasikia?"

"Nasikia."

Na nikawaangalia kweli, na hapo ndipo balaa ilipoanza, maana wale konokono walikuwa wanatia huruma. Miili imevimba, imelegea nje ya magamba, hawatembei, na maji yao yalikuwa meupe kabisa, maji ya labo yasiyo na ladha yoyote (ndiyo, niliyaonja, nitafanyaje). Nikasema moyoni, bwana wangu ana msiba, akirudi akute na hawa wamekufa? Sasa sisi watu wa Kilwa tunaishi kwa samaki, na samaki akianza kulegea tunamfanya nini? Chumvi! Nikatia kidogo kwa vidole. Sikuona mabadiliko. Nikatia mkono mzima.

Jamani, walijifunga wote! Kila mmoja aliingia ndani ya gamba lake, wakaanguka chini ya chupa kama vijiwe. Nikatikisa, wapi. Nikawamwaga kwenye beseni la maji ya bomba nyuma ya nyumba ili angalau chumvi iwatoke kabla sijawazika, kisha nikakaa kwenye kizingiti nikalia, nikimwona Kalenga amefukuzwa kazi, na mimi nimerudishwa Kilwa na sanduku langu la harusi.

Asubuhi ya Jumapili jirani yangu Mama Adèle alinipitia twende misa. Nikamwambia tumbo linaniuma. Alipopotea tu, nikachukua kitunga changu cha mboga nikakimbia Naviundu kutafuta konokono wengine, maana nilijiambia konokono ni konokono, nani atawajua kwa sura? Nikapandisha kikwembe juu ya magoti nikaingia majini, nikawa naokota kwenye majani, na kazi ilininogea mpaka nikasahau saa. Misa ikaisha. Nikasikia minong'ono, nikainua kichwa, na darajani wamejaa watu wa parokia na nguo zao za Jumapili, Mama Adèle mbele.

"Véro! Ni ile tumbo iko inauma?"

Sijatoka majini, akatokea ajenti wa usafi, kofia kichwani, filimbi mdomoni. "Toka mu maji! Haujue bilharzia? Tulikataza bantu kuingia humu, na weye unaokota konokono yenyewe inaileta!" Akaniuliza nakaa wapi, akasema atanifikisha kwa mume wangu mwenyewe. Tukaenda hivyo, yeye mbele na filimbi yake, mimi nyuma, kikwembe kinachuruzika maji, kitunga mkononi, na parokia nzima nyuma yangu kama maandamano ya sikukuu.

Mlangoni kwetu palisimama gari la Dokta. Alikuwa amemkuta Kalenga stesheni akampandisha, ili waje kuwatazama konokono wao. Wote wawili walikuwa nyuma ya nyumba, wameinama juu ya beseni, na wale maiti wangu wote walikuwa hai, wanatembea, wengine wamepanda ukuta!

Dokta akaangalia ukuta, akaangalia kitunga, akaniangalia mimi. "Mama, weye nafanya nini?"

Ningeweza kudanganya tena, lakini nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Niliwatia chumvi. Niliona wanakufa."

Dokta akawa mwekundu mpaka masikioni, akatupa kofia yake chini. Ni Kalenga aliyenieleza, polepole, mbele ya watu wote. Konokono wa mtoni maji yanamwingia mwilini bila kukoma, na chumvi yake inamtoka. Lakini kichwani mwake kuna chembe za mishipa ya fahamu zinazotengeneza kama dawa, zinaimwaga kwenye damu, na dawa hiyo inaiamuru figo: toa maji, shika chumvi. Dokta aliwanyima konokono wale chumvi kidogo kidogo, makusudi, ili chembe hizo zifanye kazi kwa nguvu aweze kuziona. Mimi nikazipa likizo.

"Ni mimi nilikosa, Dokta," Kalenga akasema. "Nilimuambia aangalie. Sikumuambia juu ya nini." Mtu aliyetoka kuzika mjomba wake, macho bado mekundu, akasimama kati yangu na yule mzungu. Siku hiyo nilijua nimeolewa na nani.

Dokta hakumfukuza. Kazi ilianzwa upya, na kwa muda mrefu Kalenga akawa anarudi nyumbani amechelewa. Nami, kwa sababu ya yale maji ya Naviundu, niliamriwa kupeleka mkojo wangu labo upimwe, na aliyeupokea mlangoni, mbele ya rafiki zake wote, ni mume wangu. Bilharzia haikuonekana. Aibu ilionekana.

Baadaye alinipeleka nichungulie kwenye darubini. Nikaona zile chembe za konokono, vitone vya zambarau, vidogo, vimejipanga kama mbegu za ulezi kwenye kiganja. Kumbe konokono walikuwa wanapigana na maji vile, na mimi nilidhani wamelala tu.

Toka siku hiyo nimeapa. Mtu akiniambia "niangalizie hiki," awe dada yangu, awe padri, simruhusu avuke mlango kabla hajanijibu: kinakula nini, kinakunywa nini, na kikianza kufa, nikiache?