Bibi Arusi Asicheke

Mzee tajiri anataka kuoa binti mdogo. Wajanja wanamletea bibi arusi wa uongo, mtulivu na mtiifu. Karatasi zikishatiwa sahihi tu, binti anageuka moto wa kuotea mbali, na mzee anatafuta pa kukimbilia. Hiyo ndiyo opera ya Kiitaliano niliyoishonea nguo, na waliponieleza kisa chake mara ya kwanza nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Nilikuwa nakaa mtaa wa Iroquois, mjini Louisville, Marekani, tangu nitoke kambi ya wakimbizi. Mchana nilipanga maboksi ghalani, jioni nashona. Kikundi kidogo cha opera kilitaka kuihamishia arusi ile kwetu sisi Wakongo: vitenge, vigelegele, ngoma. Mwongozaji, mama wa Kizungu mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani, aliniajiri nishone, kisha nisafiri nao kuwavisha waimbaji. Maonyesho yalikuwa matatu: Louisville, Columbus, Buffalo. Aliposema Buffalo nilikubali kabla hajamaliza, maana mama yangu anakaa huko, Riverside, na hakuwa ameniona kwa miaka miwili.

Kosa nililiona Louisville. Bibi arusi aliingia meno yote nje, akipunga mkono kama mgombea ubunge. Kwetu bibi arusi hacheki. Anashusha uso, watu waone huzuni ya kuwaacha wazazi. Akicheka, watasema alikuwa na haraka ya kutoka kwao, na aibu hiyo humwangukia mama yake. Wamama wa kanisa langu, walioniazima vitenge vyao wenyewe vya arusi, walikaa mstari wa tatu, kimya. Walipotoka mmoja akaniuliza, "Ile bibi arusi anacheka-cheka nini? Donc, yaani, hana mama?"

Wiki mbili baadaye Mama angekaa kwenye kiti kama kile, na kanisa lake zima ubavuni, aone bintiye amesaidia kutufanya vichekesho. Nikaapa hataliona jambo hilo.

Columbus nikamwambia mwongozaji. Alinisikiliza kwa adabu. "Watu wanakuja kucheka," akasema. "Bibi arusi mwenye huzuni atawaharibia." Nikamjibu kwamba wa kuchekwa ni mzee, si sisi. Akanipigapiga bega. Jioni ile meno yalikuwa nje tena, nami nikarudi kwenye fleti tuliyopangiwa Whitehall, nikapiga pasi vitenge vyote kwa hasira, hata visivyohitaji.

Buffalo onyesho lilikuwa la mchana. Saa moja kabla ya kuanza nililifunga sanduku la nguo za arusi, nikalikalia.

"Bila uso wa kushuka, hakuna nguo," nikasema.

Mwongozaji alinikumbusha mkataba. Nikamwambia anifukuze baada ya onyesho, lakini vitenge vile vilitolewa na dada zangu wa kanisani kwa neno langu mimi. Sikuinuka. Aliyetuokoa ni mwimbaji mwenyewe, yule bibi arusi. Alichuchumaa mbele yangu akasema, "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Kidevu chini, mikono magotini, macho mkekani. Ukilishwa keki, unafungua mdomo kidogo tu, kama unapewa kwinini. Akajaribu. Mwimbaji aliyecheza mzee alikuwa anapita na chai yake. Alipomwona akacheka mpaka chai ikamwagika. Mwongozaji akavua miwani ya puani.

"Haya," akasema. "Leo tu."

Bibi arusi aliingia akivutwa mkono, hatua moja kwa dakika. Mzee akatabasamu kwa raha, akidhani amepata malaika. Upande walikokaa watu wetu nikasikia mguno wa kuridhika. Kisha mzee akatia sahihi, na yule binti akainua uso polepole, akamtazama. Ukumbi ulilipuka. Mama alikuwa ameshika tumbo, kilemba kimemwanguka. Walimcheka mzee. Hakuna aliyetucheka sisi. Nilisimama nyuma ya pazia na pini mdomoni, nikalia bila aibu.

Nje, kwenye maegesho, Mama alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. Halafu akanishika mkono.

"Siku ya ndoa yako kule kambini," akasema, "weye ulishusha uso vile vile. Ilikuwa teatre, ao ulikuwa unalia kweli?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na bwana arusi alikuwa rika la baba yangu. Watu wote walinisifu siku ile kwa heshima yangu.

"Nilikuwa nalia, Mama."

"Nilijua," akasema. "Njo maana sikukuangalia."