Siku Mbili Bila Uunsi

Nyumba yetu ya Saltley ilikuwa na harufu mbili zisizopatana. Ukivua viatu tu mlangoni, ulipokewa na uunsi wa Shangazi Sahra, ule ubani wa Kisomali unaopikwa kwa sukari na manukato kisha ukafukizwa juu ya mkaa. Ukisogea hatua mbili ndani, ilikupata harufu ya chumvi mbichi kutoka kwenye tangi la Mama. Tangi hilo lilichukua karibu ukuta mzima wa sebule, na ndani yake mliishi matumbawe, kamba mmoja mwenye mistari myekundu, na samaki wawili wa rangi ya chungwa ambao Mama aliwaita maharusi. Mama alikulia Mombasa lakini hakuwahi kujifunza kuogelea. Bahari aliijua kwa miguu tu, maji yakitoka. Akaja kuifuga Birmingham, mji usio na pwani. Mchana alikagua vali katika kiwanda kimoja cha Tyseley, jioni akakagua pampu zake, na sidhani kama aliona tofauti kubwa.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili mwanzoni, tulipokuwa bado tukipiga simu Kenya kwa kadi za kukwangua. Nilikuwa na miaka tisa. Bibi alitakiwa kupasuliwa macho, na Mama akasafiri kwenda kumuuguza kwa majuma matatu. Kabla ya kuondoka alinikalisha mbele ya tangi akanikabidhi kazi. Kila asubuhi niongeze maji baridi, yasiyo na chumvi, hadi kwenye utepe aliobandika kiooni. "Maji hukauka, chumvi haikauki," alirudia mara tatu, maana alijua mtoto angedhani bahari huongezwa bahari. Tena nimwage kikombe cha ile mashine ya povu, ambacho uchafu wake wa kahawia ulinuka kuliko soksi za kaka zangu wote. Baba alikuwa na zamu zake kwenye karakana ya treni, kwa hiyo dada yake, Shangazi Sahra, alikuja kutoka Uholanzi kututunza. Alikuwa ameachika karibuni, na alitembea ndani ya nyumba yetu kama mgeni anayeogopa kuvunja kikombe. Jambo moja tu alilifanya bila kuomba ruhusa: kila jioni baada ya kupika aliwasha chetezo, ili harufu ya vitunguu isigande kwenye makoti yetu.

Juma la pili maji yalianza kuwa na umanjano. Nilikumbuka Mama akisema kwamba kinachosafisha rangi ni mkaa, ule mweusi wa punje punje unaokaa kwenye kifuko ndani ya kichujio, na kwamba ukichoka hubadilishwa. Mkaa mpya sikuuona popote. Wahenga wamesema kuuliza si ujinga, lakini mimi nilishajiona fundi, na fundi haulizi. Basi nikafungua kopo la Shangazi, nikatoa vidonge sita vya mkaa wake, vile vya mviringo vinavyoshika moto mara tu vikiguswa na kiberiti, nikavivunja na kuvijaza kwenye kifuko. Haikunijia kwamba kinachowaka upesi hivyo lazima kimetiwa dawa. Nilikwenda shule nikiwa nimevimba kwa fahari.

Niliporudi, maharusi walikuwa juu kabisa wakitweta, na matumbawe yamejikunja. Shangazi alisimama mbele ya tangi, mikono kichwani. "Ni moshi wangu," alisema. "Moshi wangu unawaua, maskini." Baba alimwambia, "Usijiblame, Sahra," lakini hakuwa na maelezo mengine, wala hakutaka kumpa Mama presha wakati Bibi angali na bendeji machoni. Wakafungua madirisha yote katika ile baridi, na Shangazi akalifungia kopo lake ndani ya sanduku. Siku mbili nyumba haikunukia kitu. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nimemtwika mwenzangu mzigo wangu mwenyewe, na bado ulinielemea. Nilijua ni ule mkaa. Nilinyamaza kwa woga, na nilijichukia.

Jumamosi asubuhi nikakuta sanduku la Shangazi chini ya ngazi.

"Naenda kwa rafiki yangu Leicester," alisema akifunga mtandio. "Mama yako akirudi asinikute na aibu hii."

"It was me," nikasema. Kisha nikaona kosa kama lile halikiriwi kwa lugha ya shule, nikarudia: "Ni mimi, Shangazi. Nilitia mkaa wako kwenye filter."

Alikaa kwenye ngazi. Nilingoja kofi. "Yaani," alisema polepole, "ulitaka kuwafukiza samaki?" Akaanza kucheka, machozi yakimtoka, akanivuta kifuani.

Tulimpigia Mama. Alipokwisha kusikia yote akaanza kuamuru kama yuko kiwandani. "Toeni huo mkaa saa hii. Changanyeni maji ya chumvi kwenye lile pipa, yapate joto, mbadilishe theluthi. Mkaa wangu uko juu ya kabati la jikoni. Na Sahra asiende popote. Mimi mwenyewe nafukiza hapo kila Ijumaa, hakuna samaki aliyewahi kukohoa." Tulishinda siku nzima na ndoo. Tumbawe moja lilikufa, na hilo nalikumbuka. Lakini Jumapili adhuhuri maharusi walishuka kwenye jiwe lao, na jikoni nikasikia kiberiti kikikwaruzwa. Harufu ya uunsi iliponifikia nililia kwa faraja, mbele ya kaka zangu, bila kuona haya.

Leo tangi liko kwangu. Simu yangu hunijulisha joto na chumvi ya maji hata nikiwa kazini, na hitilafu ikitokea inalia kabla samaki hawajajua. Mama anakiita kifaa hicho mbea. Hakiwezi kunusa nyumba iliyoacha kunukia, wala kujua ni nani anafunga sanduku kwa kosa lisilo lake. Shangazi hakwenda Leicester. Anakaa mtaa wa pili, na kila Ijumaa huja na kopo lake. Kabla ya kuwasha chetezo hulifungua mbele yangu, akavihesabu vidonge kimoja kimoja kwa sauti, akinitazama kwa pembe ya jicho.