Mwaka Sista Alipovunjika Mkono

Nilipata kazi katika hospitali ya Waafrika pale Eldoret wakati wa Vita vya Pili, nikiwa na miaka kumi na saba. Baba alikuwa kibarua wa reli, na alikuwa ametuleta kutoka upande wa Kavirondo, kule ziwani, baada ya mama kufariki. Nilifua mashuka. Asubuhi za Uasin Gishu zina baridi kali, na mpaka leo vidole vinaniuma mvua ikikaribia.

Mkuu wa wodi alikuwa mzungu mmoja mrefu, mwembamba, aliyekuja kutoka ng'ambo kwa mkataba wa miaka miwili. Nilipomkuta alikuwa amekaa kumi na tisa. Watu walimwita Mama Sista. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashamba ya wazungu, lakini alikisema bila aibu, na ukimrekebisha alishukuru. Siku moja alimwambia mgonjwa mmoja, "Mzee, kesho wewe tapoa." Alitaka kusema atapona. Mzee alisikia kupoa kwa maiti, akakusanya blanketi lake akaanza kutoka.

"Kama ni kupoa," aliniambia, "heri nipoe nyumbani kwangu."

Nilimrudisha kitandani na kumweleza Sista. Alicheka mpaka akaketi.

Aliniondoa kwenye mashuka kwa sababu ya funza. Mama mmoja aliletwa miguu ikiwa imeliwa vibaya, na mhudumu aliyekuwa zamu aliziba pua. Mimi nilichukua pini, nikakaa chini nikaanza kutoa, kama nilivyomfanyia nyanya yangu miaka mingi. Nilipoinua macho, Sista alikuwa amesimama.

"Nani fundisha wewe?"

"Nyanya yangu, Sista."

"Kesho hapana fua."

Basi akanifundisha mwenyewe: kupima joto, kuhesabu mpigo wa damu kwa saa yake, kufunga bendeji, halafu kuzalisha. Alikuwa mkali. Ukikunja shuka vibaya alilivuta lote ukaanza upya. Sikumpenda mwaka wa kwanza, lazima niseme ukweli. Nilimwogopa.

Mvua ya masika ya mwaka uliofuata ilikuwa nyingi. Sista aliteleza kwenye ngazi za jikoni akavunjika mkono wa kulia, daktari akamfunga plasta kuanzia vidole mpaka kiwiko. Wiki hiyohiyo daktari alisafiri, na barabara ikamfungia huko alikokwenda. Mto ukafunika daraja la kwenda hospitali ya wazungu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, gari la ng'ombe liliingia uani. Alikuwa Kaburu mmoja mkulima, matope mpaka magotini, na ndani ya gari mkewe alikuwa na uchungu tangu jana yake. Tulimlaza katika chumba cha dawa. Sista alimpapasa kwa mkono wa kushoto, akanivuta kando.

"Mtoto kuja matako mbele. Mimi mkono moja. Wewe tafanya."

Mume alielewa. "Huyu asimguse mke wangu," alisema.

Sista aliinua ile plasta mbele ya uso wa yule bwana. "Basi, gusa wewe."

Mkewe ndiye aliyesema, kutoka pale kitandani, kwa Kiswahili cha jikoni kwake: "Wacha yeye. Mimi nataka yeye." Akanishika mkono, akaubana kwa nguvu mpaka uchungu ukapita.

Nilinawa mpaka kwenye viwiko. Sista alisimama begani kwangu. Matako yalitoka, kisha miguu, na mwili ukaning'inia, laini na wa rangi ya samawati. Kila mshipa mwilini mwangu ulitaka kuvuta.

"Hapana vuta," alisema. "Ngoja."

"Sista, atakufa."

"Ngoja. Ona nywele ya shingo kwanza."

Nilipoziona alinipa neno, nikaishika miguu na kuinua mwili polepole kuelekea tumbo la mama, na kichwa kikatoka. Alikuwa msichana. Hakulia. Nilimfuta mdomo, nikamsugua mgongo kwa taulo, nikamsugua tena, mpaka Sista mwenyewe akaanza kupumua kwa sauti kama anamwonyesha mtoto namna. Halafu kilio kikatoka, chembamba, cha hasira.

Maji yalipopungua walikwenda zao. Mume alimpa Sista mkono wake wa kushoto, mimi akanipita. Mkewe alisimama mlangoni, akafungua shali nimwone mtoto uso, akaondoka.

Kulikuwa na malalamiko baadaye, kwamba Mwafrika amemzalisha mzungu, sijui yalitoka kwa nani. Sista aliitwa ofisini akaonywa. Alirudi, akaketi, akaandika kwa mkono wa kushoto barua ya kuomba nipelekwe mafunzo. Walikataa. Aliandika tena, na tena. Mara ya nne walikubali, nikaenda Nairobi.

Niliporudi na cheti, alikuwa amestaafu. Aliishi nje kidogo ya mji katika nyumba ya vyumba viwili, na karibu na shamba la mahindi la jirani alipanda viazi. Nilimtembelea Jumapili baada ya kanisa. Kisha kifua kikamshika, akalazwa hospitali ya wazungu. Nilikwenda na sare yangu. Waliniambia Mwafrika anaingia pale kufagia tu, si kuuguza.

Sista alisikia kelele akiwa kitandani. "Yule ni nesi yangu," aliwaambia. Walipokataa, aliomba nguo zake, akataka kupelekwa nyumbani.

Nilimuuguza wiki tatu, nikitoka zamu. Nilimwosha, nikamgeuza, na alinikosoa namna nilivyokunja shuka. Alifariki mchana, nikiwa napoza uji.

Baadaye mpwa wake aliandika kutoka ng'ambo kumwuliza mtu yeyote aliyemfahamu kama shangazi yake alikuwa mpweke huku Afrika. Barua ililetwa kwangu. Nilifikiri siku mbili, kisha nikamjibu kwamba Krismasi, ndiyo, alikuwa mpweke, na nilimwona. Siku nyingine zote alikuwa kazini.