Hollis Tidmore Anapanda ili Kulungu Wale

Jua halijapita vilele vya misonobari, na Hollis Tidmore tayari ana rangi moja na barabara. Vumbi limemganda kwenye nyusi na kumjaa masikioni. Trekta lake linakohoa, haro ya meno ya chuma inayokokotwa nyuma inakwaruza udongo uliopasuka, na wingu la vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye nguo ambazo mkewe, Verbena, ametoka kuzianika.

"Anajua nimefua," anasema Verbena akiwa mlangoni. "Ndiyo maana kaanzia huku."

Hollis, mwenye umri wa miaka sitini na saba, alistaafu kutoka kiwanda cha mbao. Sasa ndiye mpanzi wa klabu ya wawindaji ya Toomer Branch, hapa Alabama. Kila mwaka majani yanapopukutika, hupanda ngano, shayiri na majani ya malisho yaitwayo klova katika viwanja kumi na kimoja vilivyokatwa katikati ya msitu.

Hakuna atakayevuna. Mbegu za mialoni zikiisha msituni, kulungu hutoka kutafuta majani mabichi, na mwindaji anakuwa juu kwenye kibanda chake cha ngazi anawasubiri. Katika eneo hili lote, Hollis ni mkulima pekee anayenuna shamba lake lisipoliwa.

Klabu humpa dola mia tisa kwa msimu, na anasema zote huishia kwenye dizeli na matairi. Malipo yenyewe hasa ni kiwanja cha bondeni, ng'ambo ya kijito. Humo anawinda yeye peke yake. Kulungu watatu hujaza friza, na friza hiyo humlisha yeye, Verbena na Ouida, dada yake mgonjwa, mpaka Machi. Kwa sasa ndani yake mna barafu na mfuko mmoja wa maharage.

Kiwanja kisipoota, kulungu hawaendi. Watakwenda kwa jirani penye kijani, na jirani hagawi nyama.

Mvua ya maana haijanyesha tangu Agosti. Hata hivyo, si haki kuulaumu ukame peke yake.

Mwishoni mwa Septemba kanisa lao la Kibatisti lilifanya ibada ya kuombea mvua. Hollis ni shemasi, hivyo ndiye aliyeongoza sala. Aliomba kwa kirefu, na waliokaa mbele wanasema alitoa machozi kidogo. Kesho yake asubuhi akapanda viwanja vyote, kwenye vumbi tupu.

"Ningefanyaje?" anauliza. "Umeomba mvua mbele za watu, halafu mbegu umezifungia stoo? Wangenionaje?"

"Wangekuona una akili," anasema Verbena.

Mvua ilikuja siku mbili baadaye. Yalikuwa manyunyu ya kuziamsha mbegu, si ya kuzilea. Viwanja vikawa kijani kwa wiki moja, waumini wakampa mkono, mchungaji akamtaja kwenye mahubiri. Kisha vyote vikanyauka.

"Hukutaja kiasi," Verbena anamkumbusha, na sauti yake haina dalili kwamba amechoka kumkumbusha. "Mimi nikienda dukani nasema nataka ratili ngapi."

Mbegu zilizobaki zinatosha mara moja tu. Duka la mjini limeishiwa, maana kila mwenye kiwanja karudia kupanda. Msimu wa bunduki unafunguliwa Jumamosi.

Redio inasema mvua kubwa itafika leo jioni. Kwa Hollis habari hiyo ina miiba. Udongo mweusi wa huku ukilowa, trekta haliingii kwa wiki mbili, na baada ya hapo ardhi itakuwa imepoa, mbegu hazitaota. Kisichopandwa leo ndiyo basi. Na kwa mwendo wa trekta hili, kumaliza viwanja vyote leo ni shughuli.

Desturi nayo ipo. Mpanzi hupanda cha kwake mwisho. Haikuandikwa popote, na hakuna asiyeijua.

"Mwaka huu anza na chako," Verbena alimwambia wakati wa kifungua kinywa. "Nani atajua?"

"Kitaota cha kwanza, mama. Nani hatajua?"

Mchana anafika Randall Coker, mwenyekiti wa klabu, ndani ya pikapu inayong'aa. Anashusha kioo kidogo tu, vumbi lisiingie.

"Mzee Hollis, cha bondeni tayari?"

"Bado, bosi. Ndicho cha mwisho."

"Watu walisema mwaka huu ungeanza nacho."

"Watu gani?"

"Mimi." Randall anajikuna shingo. "Niliwekeana dau na shemeji yangu."

"Pole. Shuka basi unisaidie kubeba magunia."

"Mgongo huu, mzee wangu."

"Mbona Jumamosi huwa unapanda ngazi ya kibanda kama kindi?"

Randall anacheka, anapandisha kioo, anaondoka.

Saa kumi jioni cha kumi kimekamilika. Magharibi kumekuwa kweusi. Kwa trekta, kuzunguka kijito mpaka bondeni ni saa nzima, na saa hiyo haipo. Hollis anazima injini. Anabaki amekaa, mikono juu ya usukani.

Ndipo pikapu yao kuukuu inatokea, Verbena akiendesha. Nyuma kuna gunia la mwisho, ndoo, na fremu ya kitanda cha chuma iliyofungwa mnyororo.

"Kitanda cha mama yako," anasema. "Hatimaye nimekipatia kazi."

Bondeni, Hollis anatembea mbele akirusha mbegu kutoka kwenye ndoo. Nyuma yake pikapu inakokota kitanda, chuma kinafukia.

"Taratibu, bibie! Fukia ngano, siyo mimi!"

"Tembea basi, shemasi! Unapanda au unapunga mkono?"

Wako katikati ya kiwanja tone la kwanza linapogonga boneti. Gari lao ni hilo moja, na likikutwa hapa na mvua, halitoki. Mwandishi wa habari hii anamuuliza Hollis kama hajaliwazia hilo.

"Nimeliwazia. Likwame," anasema, bila kusimama. "Likwame hasa, magurudumu yasionekane. Litakaa hapahapa, kulungu watalizoea. Krismasi nitashuka na bunduki, niegemee boneti, nichague ninayemtaka."

Verbena anatoa kichwa dirishani. "Na mimi kanisani niende na nini?"

Hollis anachota gao jingine la ngano na kulirusha mbali, mpaka ukingoni kabisa.