Nilimwandika Marehemu Akiwa Hai

Ndugu zangu, kosa ni langu, simsingizii shetani. Jina langu niachieni tu, Lushoto tunajuana.

Niliajiriwa kupanga kumbukumbu za karakana ya ufinyanzi iliyokwishafungwa: picha, kanda za sauti, madaftari. Nilitakiwa kuziorodhesha kwenye kompyuta ili watafiti wazipate popote walipo.

Ndani yake kulikuwa na kina mama wafinyanzi wa Mtae, kijiji cha huko juu milimani. Bosi akanituma nikaulize nani bado yu hai, watafiti wamfuate. Mvua ilikuwa inapiga, na barabara ile mnaijua! Nikajifungia nyumbani siku mbili. Nikatazama picha zilivyochakaa, nikajiambia hawa wameshakwenda. Wote nikawaandika "marehemu".

Baadaye akaja dada mmoja mtafiti. "Huyu Mama Naomi anaeleza jinsi ya kuchanganya udongo chungu kisipasuke, lakini kanda inakatika katikati. Kweli hayupo?"

"Alishafariki, dada."

Mungu wangu! Nilisema bila hata kupepesa macho.

Miaka mitatu ikapita. Asubuhi moja akaingia mama wa makamo, amemshika mkono bibi kizee. Alikuwa Naomi, na yule bibi ndiye mama yake; Naomi ameiona orodha yetu kwenye simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe hapa mnaamkia hata wafu?"

Nilitamani ardhi inimeze! Nikamwekea kanda. Akaisikiliza sauti yake mwenyewe, anatikisa kichwa taratibu, mpaka ilipokatika. Nikamwomba amalizie.

"Imenitoka, mwanangu. Ungekuja wakati ule, nilikuwa bado nafinyanga."

Nilikiri kwa bosi, kazi ikaishia hapo. Kazi si kitu! Yule dada mtafiti alipanda Mtae mara mbili. Bibi akajaribu kuchanganya udongo kwa kubahatisha. Vyungu vikapasuka motoni, vyote.

Masika yaliyofuata bibi akafariki kweli. Nilikwenda mazikoni, nikajibanza nyuma ya watu. Naomi akaniona.

"Leo umekuja," akasema.

Mpaka sasa nikikaa peke yangu naisikia ile sauti ya kwenye kanda, inaeleza, inaeleza, halafu kimya.

Ninyi mnaotunza kumbukumbu za watu, nawasihi! Kama hujui, andika hujui. Kisha vaa viatu ukaulize, mtu angali na pumzi.